Pori Lenye Wenyewe: Vikundi vya Wanavijiji na Hifadhi ya Miombo ya Tabora

Uhifadhi wa mazingira ya vijijini hudumu pale ambapo wakazi wake wana haki inayotambuliwa na sheria juu ya ardhi na misitu yao, wanapata manufaa yanayoonekana kutokana na haki hiyo, na wana chombo chao wenyewe cha kuisimamia. Kikikosekana kimojawapo kati ya vitu hivyo vitatu, hifadhi hubaki kwenye ramani na kwenye mabango ya barabarani huku msitu wenyewe ukiisha kidogo kidogo. Mkoa wa Tabora, ulioko magharibi ya kati ya Tanzania, unalidhihirisha jambo hilo kwa uwazi, kwa sababu ndani ya eneo lake la kilomita za mraba 76,151 yamebanana misitu ya hifadhi, mapori ya wanyama, mashamba ya tumbaku na malisho ya ng'ombe, na kwa sababu idadi ya wakazi wake imepanda kutoka 2,291,623 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 3,391,679 katika sensa ya mwaka 2022, yaani ongezeko la karibu nusu katika muda wa miaka kumi.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, ambao uliundwa mwaka 1948, huyagawa maeneo yaliyohifadhiwa katika makundi kadhaa, na kundi la tano ni la mandhari zinazohifadhiwa, yaani maeneo ambayo sura na uhai wake vimetokana na watu kuishi pamoja na maumbile kwa muda mrefu, hata isiwezekane kuhifadhi kimoja na kukiacha kingine. Sehemu kubwa ya miombo ya Tabora inastahili kutazamwa kwa jicho hilo, hata pale inapoitwa kwa majina mengine katika sheria za nchi, kwa kuwa pori hilo limekatwa, limechomwa, limelimwa, limerinwa asali na kuachwa likue tena kwa vizazi vingi. Maendeleo endelevu katika mazingira ya namna hiyo ni yale yanayomwezesha mkazi wa leo kupata riziki yake bila kumfilisi mkazi atakayekuja baada yake.

Njia ya misafara na pori lililokosa msemaji

Miombo ni misitu ya nyanda za juu zenye msimu mmoja wa mvua, ambayo miti yake mikuu ni ya jamii ya mtundu na myombo, ikichanganyika na mninga unaopendwa kwa mbao zake. Udongo wake kwa kawaida hauna rutuba nyingi, mbung'o walizuia ufugaji katika sehemu zake nyingi, na kwa hiyo Wanyamwezi walijenga maisha yaliyounganisha kilimo, uwindaji, asali na safari za biashara. Katika karne ya 19 Unyanyembe, ambako mji wa Tabora ulikua, palikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo: wengine walikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na wengine kusini-magharibi kuelekea Katanga. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa ustadi wa kazi hiyo, wakajiwekea viongozi, nidhamu na taratibu za safari, jambo linaloonyesha kwamba kujiunga katika kundi lenye masharti si desturi iliyoletwa Tabora na miradi ya kisasa.

Biashara ya pembe na ya watumwa iliyopitia njia hizo iliacha pia funzo chungu. Watemi, yaani watawala wa jadi, walikuwa na desturi ya kudai sehemu ya pembe za tembo aliyeuawa katika nchi zao, na desturi hiyo ilikuwa namna ya kutambua kwamba mnyama ana nchi na nchi ina mwenyewe. Bei za pwani na bunduki zilipozidi nguvu, tembo walipungua kandokando ya njia na wawindaji wakalazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka, huku watu wakitekwa na kuuzwa. Soko la mbali lilikuwa limepata njia ya kuchukua bila kuwajibika kwa yeyote aliyebaki nyuma.

Utawala wa kikoloni uliofuata ulileta ukosefu wa haki wa namna nyingine. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ikafa, na katika miongo iliyofuata serikali ya Waingereza ikawahamisha wakazi wengi wa maeneo yenye ugonjwa wa malale na kuwakusanya katika makazi mapya, huku misitu mikubwa ikitangazwa kuwa ya hifadhi chini ya mamlaka ya serikali. Baada ya uhuru utaratibu huo uliendelea. Pori la Akiba la Ugalla, kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, lilitangazwa katikati ya miaka ya 1960. Hatua hizo ziliokoa maeneo mengi yasilimwe, lakini zilimfanya mwanakijiji aliyezaliwa kando ya msitu aonekane mvamizi kila alipoingia na shoka au mzinga wake.

Sheria zilizofungua mlango

Mabadiliko ya maana yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini, huku maamuzi makubwa yakibaki kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkusanyiko wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, ikaongeza njia mbili ambazo wananchi huzitumia kushiriki katika uhifadhi. Njia ya kwanza ni usimamizi wa misitu wa jamii, ambamo kijiji hutenga sehemu ya ardhi yake kuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji, huunda Kamati ya Maliasili, hutunga sheria ndogo na kubaki na mapato yatokanayo na msitu huo. Njia ya pili ni usimamizi wa pamoja, ambamo msitu unabaki kuwa wa serikali lakini vijiji vinavyouzunguka huingia mkataba wa kuulinda na kupata matumizi yaliyokubaliwa. Msitu wa Urumwa, kusini mwa mji wa Tabora, ni miongoni mwa misitu ambako njia hiyo imejaribiwa.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ni ya msingi kwa maisha ya kikundi. Katika ile ya kwanza wanakijiji wanalinda mali yao, na kila shilingi ya faini au ya kibali ina mfuko unaojulikana. Katika ile ya pili wanalinda mali ya mwingine, na kwa miaka mingi nchini Tanzania mgawo wa mapato ya misitu ya namna hiyo haukuwekwa wazi, hata kamati nyingi zikawa zinafanya doria kwa moyo tu. Mtaalamu wa Kimarekani Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi mbalimbali kwamba watumiaji wa mali ya pamoja, kama malisho, misitu na maji ya kumwagilia, huweza kuitunza vizuri kwa muda mrefu iwapo mipaka yake inajulikana, masharti yametungwa na watumiaji wenyewe, wakosaji huadhibiwa kwa kadiri ya makosa yao, na serikali inaiheshimu haki yao ya kujipanga. Sheria za Tanzania zimeyakubali mengi kati ya hayo kwenye karatasi, na kazi iliyobaki ni kuyafikisha kijijini.

Nyuki kama mlinzi wa mti

Hakuna shughuli inayouonyesha vizuri zaidi uhusiano wa riziki na hifadhi mkoani Tabora kuliko ufugaji nyuki. Mfugaji wa Tabora hanunui nyuki. Hutundika mzinga mtupu juu ya mti, akausubiri uingiwe na kundi la nyuki wa porini wanaohama kufuata maua, kisha msimu ukifika hurudi kurina. Kwa hiyo mtaji wake mkubwa ni msitu wenyewe, maana mtundu na myombo isipochanua hakuna asali, hata mtu awe na mizinga mia. Nta, ambayo hupatikana kwa kuyeyusha masega katika maji ya moto, kuyachuja kwa kitambaa na kuyaacha yagande, imekuwa ikiuzwa nje tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya mishumaa na vipodozi. Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki Tabora, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiliwapa warina asali waliotawanyika porini mahali pamoja pa kupimia, kuchuja na kuuzia, na mji wa Tabora una pia chuo cha serikali kinachofundisha ufugaji nyuki.

Hata hivyo ufugaji wa jadi una gharama yake kwa msitu. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kukata duara mbili kuzunguka shina la mti, moja juu na nyingine chini, kwa urefu unaokaribia mita moja, kisha gome hupasuliwa wima na kubanduliwa likiwa zima, likakunjwa tena kuwa bomba, likashonwa kwa vijiti na kuzibwa pande zote mbili. Mzinga huwa mwepesi na hauhitaji fedha, lakini mti uliovuliwa gome kwa kuzungushwa hufa ukiwa umesimama, na hivyo mrina asali huua mtoa maua ili kupata nyumba ya nyuki. Moto nao ni hatari ya pili, kwa kuwa mwenge wa kufukuzia nyuki ukitupwa ovyo wakati wa kiangazi huweza kuunguza eneo kubwa la msitu.

Hapa ndipo kikundi kinapofanya kazi ambayo mtu mmoja asingeimudu. Mzinga wa kisasa wa mbao, wenye vipande vya juu ambavyo nyuki huvijengea masega, humwezesha mfugaji kutoa sega la asali na kuacha lile la watoto wa nyuki bila kuvunja kundi, lakini huhitaji mbao, fundi na fedha ambazo mkulima mmoja mara nyingi hana. Kikundi huchanga, hununua mizinga kwa pamoja, huiweka katika manzuki, yaani eneo maalumu la kufugia nyuki, na hugawana kazi ya kusafisha njia za kuzuia moto. Kwa kuwa mizinga hiyo huweza kuwekwa mahali pa chini pasipohitaji kupanda mti mrefu, wanawake, ambao kwa desturi hawakuwa warina asali, wamepata nafasi ya kuingia katika kazi hiyo na kumiliki mapato yake. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 iliwapa wafugaji nyuki nguvu zaidi kwa kuruhusu vijiji kutenga hifadhi zao za nyuki.

Udhaifu wa haki hizo huonekana pale hadhi ya eneo inapobadilika. Katika pori la akiba au msitu wa hifadhi, mfugaji nyuki huweza kuruhusiwa kwa kibali, lakini sheria za Hifadhi za Taifa hazikubali shughuli hizo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Ugalla ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,865. Ulinzi wa viboko, mamba na wanyama wengine wa bonde hilo uliongezeka, lakini mabadiliko ya namna hiyo humgusa moja kwa moja mtu ambaye mizinga yake ndiyo ada ya shule ya watoto wake, na haki inadai kwamba asikilizwe kabla ya mpaka kuwekwa na atafutiwe mahali pengine pa kutundika.

Ipole na Uyumbu: wanyamapori mikononi mwa vijiji

Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilianzisha Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, zinazojulikana zaidi kwa kifupi cha WMA, ambazo ni maeneo yaliyotengwa na vijiji viwili au zaidi kutoka katika ardhi yao ili wanyama waishi humo na wanavijiji wanufaike kupitia chombo walichokiunda wenyewe. Mkoani Tabora jumuiya mbili zilikuwa miongoni mwa zile za majaribio: Ipole katika Wilaya ya Sikonge, iliyoundwa na vijiji vinne katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,540, na Uyumbu katika Wilaya ya Urambo, nayo ya vijiji vinne, yenye kilomita za mraba zipatazo 839. Zote mbili ziko jirani na Ugalla, na hivyo ni njia na malisho ya wanyama wanaotoka na kuingia katika bonde la Malagarasi, ambalo mwaka 2000 liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa la kwanza Tanzania.

Ili kufikia hatua hiyo vijiji vilipaswa kufanya mpango wa matumizi bora ya ardhi, yaani kukubaliana ni wapi pa kulima, pa kuchunga, pa kujenga na pa kuachia pori, kisha kusajili chama, kuchagua viongozi, kuandika katiba na kuwafundisha vijana wa doria. Kanuni za awali zilitaka angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende kwa vijiji wanachama, na sehemu zilizobaki zitumike kuendeleza maliasili na kuimarisha jumuiya yenyewe. Utaratibu huo ni mzuri, lakini mapato ya mapori ya miombo, ambayo hayana watalii wengi wa picha kama Serengeti, yametegemea zaidi uwindaji wa kitalii, na chanzo kimoja cha fedha ni mguu mmoja wa kusimamia. Serikali ya Marekani ilipositisha mwaka 2014 uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania kwa sababu ya ujangili uliokuwa umeshamiri, ilidhihirika kwamba uamuzi uliofanywa mbali sana na Sikonge au Urambo unaweza kuyumbisha soko ambalo mishahara ya askari wa kijiji inalitegemea. Jumuiya inayouza pia asali na nta, na inayopata mapato halali ya mbao kwa mpango wa uvunaji, haitikisiki kwa urahisi huo.

Tumbaku, mifugo na kuni

Tishio kubwa kwa miombo ya Tabora limetoka mashambani. Tumbaku ya mvuke ilishika mizizi Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga kushindwa, na tangu hapo imekuwa zao kuu la fedha la mkoa. Majani yake hukaushwa katika mabani, yaani majengo yanayopashwa joto kwa moto wa kuni kwa siku kadhaa mfululizo, na mkulima anayelima bila shamba la miti hulazimika kuzitafuta kuni hizo msituni. Watafiti wa kituo cha Tumbi, karibu na mji wa Tabora, wakishirikiana na wenzao wa kimataifa wa kilimo mseto, walijaribu njia ya kupokezana miti na mazao, ambamo mkulima hupanda miti inayokua haraka pamoja na mahindi, huiacha ikue kwa takriban miaka mitano, kisha huikata kwa kuni na kulima tena ardhi iliyopumzika. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo ndivyo vinavyokopesha pembejeo na kukusanya tumbaku, vina uwezo wa kuifanya miti hiyo kuwa sharti la mkopo, na sharti likisimamiwa kwa haki huokoa miti mingi kuliko doria.

Upande wa mifugo, mfano bora uko jirani. Wasukuma wa Shinyanga, na baadhi ya jamii za Igunga na Nzega, wana desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga ilipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki katika mkoa huo zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu, lakini kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, kwa sababu programu hiyo iliiheshimu desturi hiyo na kuyaacha maamuzi kwa kaya, mabaraza ya wazee na walinzi wa sungusungu. Wafugaji wengi waliohamia kusini mwa Tabora wanaifahamu desturi hiyo, na kamati za maliasili zinazowapa viti na kuwasikiliza zina nafasi nzuri zaidi ya kulinda msitu kuliko zile zinazowatazama kama wageni wa kufukuzwa.

Sanduku lenye kufuli tatu

Vikundi vingi vya vijijini hufa kwa fedha kabla ya kufa kwa ukame. Benki za Kijamii Vijijini, maarufu kama VICOBA, zimewafundisha wanavijiji namna rahisi ya kujikinga na hatari hiyo. Wanachama hukutana kwa siku maalumu, hununua hisa mbele ya wenzao, huweka fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti ambao hakuna hata mmoja wao anayetunza sanduku. Kila kiasi kinachoingia na kutoka husomwa kwa sauti na kuandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kamati ya maliasili inayokusanya faini na ada za vibali bila kuzisoma katika Mkutano Mkuu hupoteza imani ya watu kabla haijapoteza fedha zenyewe, kisha mtu aliyeona mwenyekiti akila faini ya jirani yake huwa haoni sababu ya kuutii mpaka wa msitu.

Uwazi huo unahitajika pia katika urithi wa kihistoria. Njia Kuu ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe iliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara, karibu na Tabora, penye tembe ambamo mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti David Livingstone alikaa mwaka 1872, ni mojawapo ya vituo vyake. Miembe mikongwe ya njia hiyo, makumbusho na simulizi za wazee zinaweza kuwapa vijana kazi ya kuongoza wageni na kuuza asali ya kijiji, mradi wakazi wa hapo wawe na sauti katika mapato na katika namna historia hiyo ya mateso inavyosimuliwa.

Yapo basi maswali ambayo kila mkazi wa kijiji kilicho kando ya hifadhi ana haki ya kuyauliza katika Mkutano Mkuu: mpango wa matumizi ya ardhi unapatikana wapi, mpaka wa msitu unapita wapi, nani anatoa vibali, fedha za mwaka jana zilikuwa kiasi gani na zilifanya nini, na wanawake na wafugaji wana viti vingapi katika kamati. Serikali na mashirika yanayotaka miombo ya Tabora idumu hayana uwekezaji ulio bora kuliko kuhakikisha kwamba maswali hayo yanajibiwa kwa hati na kwa hesabu, na kwamba hadhi ya ardhi haibadilishwi juu ya vichwa vya walioitunza. Kikundi kilichopewa wajibu wa ulinzi bila haki ya mapato na ya maamuzi ni kibarua asiye na ujira, na kibarua wa namna hiyo huondoka. Kilichopewa haki hizo kwa sheria, na kinachowajibika kwa wanachama wake, hubaki na msitu wake hata wafadhili watakapokuwa wamekwenda zao.